Kusali kwa Macho Wazi: Niliyoyaona Nikiwa Nimeketi Bustanini

Nilifundishwa kusali nikiwa nimefumba macho, na sina neno juu ya mafunzo hayo. Yamewafaa wengi, na mimi bado yananifaa nyakati fulani. Lakini kilifika kipindi ambacho kila nilipofumba macho nilikutana na kelele: kazi zisizoisha, maneno niliyoambiwa na mtu wiki iliyopita, hofu ya jambo ambalo hata halijatokea. Midomo ilisema maneno ya sala huku moyo uko mbali. Utulivu niliokuwa nikiutafuta kichwani mwangu haukuwamo. Niliukuta nje, nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha ardhi ambacho ukipiga hatua chache umekimaliza, na niliukuta macho yakiwa wazi.

Nikisikia watu wakizungumzia bustani na mambo ya roho, mara nyingi wanaisifu bustani kuwa ni mahali pa ukimya. Ingekuwa hivyo nisingekuwa na la kusimulia. Ukiikalia kwa makini utaona hakuna kilichotulia humo: kuna kula na kuliwa, kuna kujenga, kuna kupigana, kuna kuzaa, kuna kuoza. Anayetulia ni mtu anayetazama, na hutulia kwa sababu kwa muda mfupi amepata kitu cha kutazama ambacho hakimhusu yeye hata kidogo.

Kitu cha kwanza kilichonipa shida ni mikono yangu. Mtu mwenye bustani ana macho ya kazi. Akiona gugu, anainama kung'oa. Akiona tuta limekauka, anakimbilia maji. Akiona jani lenye matundu, anaanza kumsaka mdudu. Kazi hiyo ni njema, na wapo ambao kulima kwenyewe ndiyo sala yao, nawaheshimu. Kwangu ilikuwa lazima niweke mpaka. Kabla ya kazi au baada yake kuna muda wa kukaa tu. Jembe linabaki mlangoni, simu inabaki ndani, na gugu nikiliona naliacha lilivyo mpaka muda ule uishe. Naketi kwenye kigoda kifupi, maana ukiwa juu unaiona bustani, ukiwa chini unaviona vilivyomo.

Dakika za mwanzo ni ngumu. Akili inataka kujua tumefuata nini hapa, tunapata faida gani, tutaondoka saa ngapi. Siku hizi siipigi vita. Naipa kitu kimoja cha kutazama, kidogo iwezekanavyo: jani moja, ufa mmoja kwenye udongo, sisimizi mmoja kati ya wengi. Kumfuata sisimizi mmoja kwa macho bila kumpoteza si kazi nyepesi. Anaingia chini ya jani kavu, anatokea upande wa pili, anakutana na mwenzake, wanagusana vipapasio, anasita, anageukia njia nyingine. Ukianza kuwaza mambo ya kesho, umeshampoteza. Akili inahitaji mahali pa kushika, na sisimizi yule anatosha kabisa kuwa mahali hapo.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Rachel Kaplan na mumewe Stephen, walilieleza jambo linalokaribiana na hili katika maandishi yao ya mwaka 1989. Walisema upo umakini wa kujilazimisha, ule tunaoutumia kazini na barabarani, nao huchoka. Na upo umakini unaovutwa taratibu na vitu kama mawingu, maji na majani yanayotikiswa na upepo, ambao huipa akili nafasi ya kupumzika. Nilikuwa nimeshayaona hayo kwa mwili wangu kabla ya kuyasoma, na kuyasoma kulinipa amani: kumbe sikuwa naota. Hata hivyo wao walizungumzia akili kupumzika. Mimi nazungumzia kinachofuata akili ikishapumzika, na hicho sina namna nyingine ya kukitaja isipokuwa kusimama mbele ya Mungu bila kuwa na la kusema.

Saa yangu ni asubuhi, jua likiwa halijapanda. Asubuhi moja niliketi mbele ya mche wa nyanya uliokuwa bado mdogo, nikaona kwamba majani yake yana matone ya maji kwenye kingo tu. Katikati ya jani pakavu, chini ya jani pakavu, ila kwenye kila ncha ndogo ya ukingo limesimama tone moja, yamepangana kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Majani ya mmea wa jirani, mapana na ya kulala, yalikuwa yamelowa uso mzima. Kwa nini huu una matone yaliyopangwa na ule umelowa ovyo? Niliinama mpaka pua ikakaribia kugusa jani. Ndani ya tone ilikuwamo bustani nzima, imepinduliwa: mbingu chini, ardhi juu. Nikapuliza kidogo. Tone likatetemeka, lakini halikuanguka.

Baadaye nilikuja kujua kwamba yale matone ya kingoni hayakuwa umande. Umande hutoka hewani: usiku jani hupoa, na mvuke uliomo hewani hugeuka maji juu yake. Matone ya kingoni hutoka ndani ya mmea wenyewe. Usiku vile vinyweleo vya jani ambavyo mmea huvitumia kupitisha hewa na mvuke hujifunga, lakini mizizi haiachi kuvuta maji ikiwa udongo una unyevu. Maji yanaendelea kusukumwa juu, na kwa kuwa hayawezi kutoka yakiwa mvuke, yanatokea yakiwa matone kwenye vitundu maalumu vilivyo kwenye ncha za jani. Nilichokuwa nikikitazama asubuhi ile, basi, ni kazi iliyofanyika usiku kucha, gizani, chini ya ardhi, wakati mimi nimelala na mmea nao unaonekana umelala.

Jambo hili limenikaa moyoni kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Nilikuwa katika kipindi cha kuhisi kwamba sala zangu hazifiki popote. Nikalitazama tone lile na kujiuliza ni mangapi yanayopandishwa ndani yangu bila mimi kuwa na habari. Sisemi kwamba tone liliwekwa pale kuwa fumbo kwa ajili yangu. Mmea una shughuli zake. Lakini mtu mwenye kiu ya Mungu akiona maji yanapanda bila mkono wa kuyapandisha, moyo wake utasema kitu, na mimi niliuachia useme.

Kuhusu subira, harage ndilo lililonifunza. Ukiipanda punje, kinachotangulia kutoka ni mzizi, nao huelekea chini hata kama punje uliipanda kichwa chini miguu juu. Mwaka 1806 Mwingereza Thomas Andrew Knight alizifunga mbegu zinazoota kwenye gurudumu lililokuwa likizungushwa na maji, akaona mizizi ikikua kuelekea nje, upande ambao mzunguko ulikuwa ukiisukuma, na machipukizi yakikua kuelekea katikati ya gurudumu. Mbegu huhisi nguvu inayouvuta uzito wake: ardhini kuelekea chini, kwenye gurudumu lile kuelekea nje. Haina macho, haijapata kuliona jua, lakini inajua chini ni wapi.

Mzizi ukishashika ndipo shina linapopanda, na halipandi likiwa limenyooka. Linatoka limepinda shingo, likiusukuma udongo kwa mgongo, huku kile kichipukizi laini kimeelekezwa chini kisikwaruzwe na mchanga. Likishaupata mwanga, shingo hunyooka. Nilikaa kumtazama mmoja wa miche hiyo tangu ufa ulipoonekana. Kibonge kidogo cha udongo kilikuwa kimeinuliwa upande mmoja kama kifuniko cha sufuria inayochemka, na chini yake ukaonekana upinde mweupe wenye kijani kwa mbali. Sikuuona ukisogea. Kila nilipoukazia macho ulikuwa tuli. Kila nilipoyaondoa na kuyarudisha ulikuwa mahali pengine. Kufika alasiri kibonge kilikuwa kimeanguka pembeni na shingo inanyooka.

Hapo nilishawishika kwamba macho yangu yamezoea mwendo mmoja tu, wa binadamu mwenye haraka, na kwamba sehemu kubwa ya uhai inakwenda kwa mwendo mwingine mbele ya pua zetu. Tangu siku ile nikiona jambo la moyoni limesimama, iwe msamaha ambao haujakomaa au huzuni isiyopungua, naliacha kwa muda, kisha narudi kulitazama.

Pembeni ya ua kuna kifauwongo. Watoto hukipenda kwa sababu ukikigusa kinakunja majani. Mimi nakipenda zaidi jioni, kinapoyakunja bila kuguswa na mtu. Mwanga ukififia, vijani vinakaribiana viwili viwili mpaka jani zima limefumba. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka mmea wenye tabia hii gizani, akaona majani yakiendelea kufunguka mchana na kufumba usiku ingawa jua halikuyafikia. Mmea una saa yake ndani, na leo inajulikana kwamba sisi pia tunayo. Nikikaa na kifauwongo jioni, mwili wangu nao unakumbuka kwamba umewekewa wakati wa kufumba. Nimeanza kulala mapema. Huenda mtu akaona hilo ni dogo mno kutajwa kwenye habari za roho, lakini aliyechoka hasali vizuri, na mengi niliyokuwa nikiyaita ukavu wa roho yalikuwa uchovu.

Nisingependa mtu asome hadi hapa akadhani kila nilichokiona kilinibembeleza.

Kuna buibui aliyeweka makao kati ya vigingi viwili vya nyanya. Nilimtazama jioni moja akitanda utando wake kuanzia mwanzo. Alitoa uzi mmoja, upepo ukauchukua, ukanasa upande wa pili. Akatembea juu yake akiukaza. Akaweka nyuzi zinazotoka katikati kwenda pembeni, mmoja mmoja, na baada ya kila uzi akarudi katikati akipapasa kwa miguu kutafuta nafasi iliyobaki. Kisha akazungusha uzi wa muda, usionata, kutoka katikati kwenda nje, apate pa kukanyagia. Alipofika mwisho akageuka, akaanza kuja ndani akiweka ule unaonata na kuuondoa ule wa muda kadiri alivyousogelea. Buibui wa aina hii huona kwa shida; kazi yote ile huifanya kwa kugusa. Hakufanya haraka, wala hakusimama. Machozi yalinitoka. Nilikuwa naona kazi kamilifu ikifanywa na kiumbe ambacho hakijui kama kinatazamwa na hakihitaji kujua.

Asubuhi nyuki akanasa humo. Miguu yake ya nyuma ilikuwa imebeba chavua ya manjano, bado mbichi kutoka kwenye maua. Buibui alimfikia upesi, akamzungusha akimfunga nyuzi, akamwuma. Mkono wangu ulinyanyuka kumwokoa, ukabaki hewani. Kumwokoa nyuki ni kumnyima buibui, na ile kazi iliyonitoa machozi jioni ilifanywa kwa ajili ya dakika hiyo hasa.

Kuna gumu kuliko hilo. Chini ya jani nilimkuta kiwavi mnene wa kijani, mgongoni pake pamesimama vifuko vyeupe vidogo vidogo. Vifuko hivyo ni vya nyigu. Nyigu jike hutaga mayai ndani ya mwili wa kiwavi. Mabuu yake humla kwa ndani angali hai, kisha hutoboa ngozi, hutoka na kujifumia vifuko juu yake. Kiwavi yule alikuwa bado anasogeza kichwa. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin, katika barua aliyomwandikia mwanabotania Asa Gray mwezi Mei 1860, aliwataja wadudu wa namna hii, akasema hawezi kujishawishi kwamba Mungu mwema na mwenye uweza wote angewaumba kwa makusudi ili wale viwavi walio hai. Namwelewa. Anayeketi bustanini muda wa kutosha asifike kwenye swali hilo, bado hajatazama.

Sina jibu la kumpa Darwin. Nilicho nacho ni kisa cha Ayubu. Ayubu alidai aelezwe sababu ya mateso yake, na Mungu alipomjibu hakumpa sababu. Alimwonyesha viumbe: simba wanaovizia mawindo, makinda ya kunguru yanayolia kwa njaa, mbuni anayeyaacha mayai yake mchangani, tai ambaye makinda yake hufyonza damu. Hayo yamo kati ya sura ya 38 na ya 41 za kitabu chake. Zamani nilikuwa nikiisoma sehemu hiyo kwa uchungu, nikiona Ayubu amenyimwa haki yake. Baada ya kiwavi yule niliisoma tena na ikanifungukia kwa namna nyingine. Anayetazama kweli anaondolewa katikati ya dunia na kuwekwa mahali pake, pembeni, pamoja na viumbe wengine wanaozaliwa na kufa. Na pale pembeni, ajabu yake, kuna amani. Aliyeipata hajaelewa zaidi ya wengine. Ameacha tu kudai kwamba yote yazunguke kwake.

Rafiki yangu Mwislamu, nilipomweleza haya, alinikumbusha kwamba Qur'ani ina sura zinazobeba majina ya nyuki, ya sisimizi na ya buibui, na kwamba mara nyingi humo viumbe wanatajwa kuwa ishara kwa watu wanaofikiri. "Ishara haikuambii kila kitu," alisema. "Inakuelekeza." Tuliendelea kukaa, kila mtu na imani yake, tukimtazama buibui mmoja.

Dada yangu mkubwa alipofariki sikuweza kusali kabisa, kwa macho wazi wala kwa macho yaliyofumbwa. Watu walikuja na maneno mema, nikayapokea kwa adabu, na hayakushuka chini ya koo. Kilichowezekana kilikuwa kugeuza lundo la mboji. Niliingiza koleo katikati yake, mvuke ukapanda. Lundo lililochanganywa vizuri, lenye majani mabichi na makavu na hewa ya kutosha, linaweza kufikia nyuzi joto 55 hadi 65, na joto lote hilo hutoka kwa vijidudu visivyoonekana vinavyokula kilichokufa. Niliingiza mkono pembeni, mahali palipovumilika, nikauacha humo. Majani, mabua, maua yaliyonyauka, vyote vilikuwa vimepoteza sura, na papo hapo palikuwa na joto la kitu kilicho hai. Siwezi kusema nilifarijika. Ila mwili wangu ulikubali jambo ambalo masikio yalikuwa yakilikataa kwa siku nyingi, na jioni ile nilimlilia dada yangu vizuri kwa mara ya kwanza.

Kwenye ukingo wa lundo, palipopoa, walikuwamo nyungunyungu. Darwin tena, maana mtu huyu amekuwa mwenzangu wa kukaa bustanini ingawa swali lake linanisumbua, aliwachunguza viumbe hawa kwa miaka mingi, na kazi aliyoitoa mwaka 1881, miezi michache kabla ya kifo chake, iliwahusu wao. Alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo kwa kila ekari hupitia miilini mwao kila mwaka na kuletwa juu. Alitaka pia kujua kama wanasikia. Akawapigia piano, hawakushtuka. Vyungu walimokaa vilipowekwa juu ya piano yenyewe na noti ikapigwa, walijivuta upesi wakaingia kwenye mashimo yao: hawasikii sauti, lakini wanahisi mtikisiko. Namwaza mzee yule, mgonjwa, mwenye sifa kote duniani, anatumia jioni zake kuuliza nyungunyungu anahisi nini. Hata kama yeye mwenyewe asingeiita ibada, mimi naiita.

Niseme kidogo kuhusu pumzi, kwa sababu ndipo nilipoacha kujihisi mgeni bustanini. Mwezi Agosti 1771 mchungaji wa Kiingereza aliyependa majaribio ya hewa, Joseph Priestley, aliweka kitawi cha mnanaa ndani ya chombo kilichofungwa ambamo mshumaa ulikuwa umewaka mpaka hewa ikashindwa kuuwasha. Siku kadhaa baadaye mshumaa ukaweza kuwaka tena humo. Mwaka 1779 daktari Mholanzi Jan Ingenhousz alionyesha kwamba mimea huitengeneza hewa hivyo inapokuwa kwenye mwanga tu. Nina kichaka cha mnanaa karibu na kigoda changu. Sijidanganyi kwamba kichaka hicho ndicho kinachoniweka hai. Hewa ya dunia imechanganyika, na ninachovuta kimepita kwenye misitu na bahari nisizozijua. Lakini mabadilishano ni ya kweli. Ninachokitoa, jani linakipokea na kukijenga kuwa mwili wake. Jani linachokitoa, nakipokea mimi. Siku hizi sala yangu ya asubuhi mara nyingi haina maneno zaidi ya hayo: kuvuta, kutoa, kujua kwamba napewa.

Kuna siku hakuna kinachokuja. Naketi, natazama, na jani linabaki jani. Upepo unaniudhi, mbu wananiuma, akili inazurura mpaka muda unakwisha. Naondoka hivyo hivyo na kwenda kumwagilia. Nimeshazizoea siku hizo na sizichunguzi.

Wanaoniambia hawana bustani nawaambia hawahitaji bustani. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wake kuhusu wagonjwa waliopasuliwa na kutolewa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Wale ambao dirisha lao lilitazama miti walitoka hospitalini mapema na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko wenzao ambao dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Dirisha tu, na miti kwa mbali. Nyasi zilizoota kwenye ufa wa sakafu zinatosha. Mmea mmoja kwenye chungu unatosha, mradi uutazame huo huo, mahali pale pale, kwa muda mrefu kuliko unavyoona ni lazima.

Nalisema hili kwa sababu ya jirani yangu mzee ambaye hawezi tena kushuka kitandani peke yake. Alizoea kwenda kusali na wenzake, na kilichomuumiza zaidi ya maradhi ni kukosa hiyo safari. Nilimpelekea mche mdogo kwenye chungu, nikauweka dirishani karibu na kichwa chake, bila maelezo. Nilipokwenda tena alinieleza kwamba mche unainamia dirishani, na kwamba alimkataza mjukuu asiunyooshe kwa kijiti. Badala yake alimwambia akigeuze chungu, mche uelekee chumbani, ili waone utafanya nini. Ukaanza kujipinda tena polepole mpaka ukaelekea kwenye mwanga. Alinisimulia mzee huyo akiwa ameinua mkono wake na kuukunja taratibu kunionyesha ulivyogeuka, kiwiko, kifundo, kisha vidole, na katika muda wote huo hakutaja maumivu.

"Mwanangu," akaniambia, "huu umekwisha kuota. Nataka kuona kabla ya hapo."

Ameniomba nimpelekee punje ya harage kwenye glasi, izungushiwe pamba yenye maji, auone mzizi ukitoka. Nimeiloweka jana usiku. Kesho asubuhi nitampelekea, na mjukuu wake amesema atakuwa akiongeza maji pamba isikauke.